Marehemu alikufa lini? Jibu kwa wakili wa Mbale

Swali limetoka kwa wakili wa Mbale, Uganda, dada aliye mwaka wa sita kazini, mwenye ofisi ya chumba kimoja na karani mmoja. Nimelifupisha:

"Mzee, shikamoo. Mwezi uliopita masjala ilinirudishia maombi ya hati ya usimamizi wa mirathi kwa sababu nilinukuu Sheria ya Mirathi kama Sura ya 162. Nikaambiwa siku hizi ni Sura ya 268. Nikarekebisha. Kisha wakili wa upande wa pili akanicheka: hata asilimia nilizoandika, mjane 20 na ndugu tegemezi 4, hazimfungi marehemu huyu kwa kuwa alifariki Agosti 2019 bila wosia. Ameacha mjane, watoto wanne wa ndani ya ndoa na wawili wa nje, nyumba hapa Mbale, shamba, na maduka mawili ng'ambo, Busia ya Kenya. Nimeona aibu. Kila nikigeuka sheria imebadilika, na ofisini sina mkubwa wa kumwuliza. Mtu kama mimi afanyeje asipitwe?"

Marahaba, wakili. Aibu yako naijua, maana yangu ilikuwa nzito zaidi, na ilinikuta nikiwa na umri wa kutosha kujua.

Mwaka 2011 nilikuwa na jedwali dogo nililoliandika kwa mkono na kulibandika ndani ya mlango wa kabati la majalada: watoto 75, wajane 15, ndugu tegemezi 9, mrithi wa kimila 1. Familia ikiingia, nafungua kabati kana kwamba natafuta faili, nachungulia, napiga hesabu. Nilionekana mtaalamu. Siku moja nikasimama mbele ya jaji na mpango wa mgawanyo uliopigwa chapa vizuri, na hesabu zake hazikukosea hata shilingi. Jaji akaniuliza kwa upole uliozidi kiasi: "Wakili, hicho kifungu cha 27 unachonisomea umekitoa wapi?" Nikainua kitabu, toleo la sheria la mwaka 2000. Kijana wa upande wa pili akasimama na nakala ya hukumu mkononi, karatasi zimekunjika kona kwa kusomwa. Mteja wangu alikuwa ameketi nyuma, mkoba mapajani. Kiingereza hakukijua, lakini uso wangu aliusoma vizuri.

Hukumu ile ilikuwa ya Mahakama ya Katiba, tarehe 5 Aprili 2007, kesi ya shirika la Law and Advocacy for Women in Uganda dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mahakama ilitangaza kuwa vifungu kadhaa vya Sheria ya Mirathi ni batili kwa kupingana na Katiba, na kifungu cha 27 kilikuwa kimojawapo. Ukikisoma leo utashangaa kilidumu vipi: kilizungumzia mgawanyo wa mali ya mwanamume aliyekufa bila wosia, basi. Mwanamke aliyekufa na mali yake hakutajwa. Mahakama ikakizika, lakini kitabu hakikuambiwa. Mimi niliendelea kukisoma kilivyo, na tulikuwa wengi. Bunge halikuweka kingine mahali pake mpaka Sheria ya Marekebisho ilipoanza kutumika tarehe 31 Mei 2022. Hesabu mwenyewe: miaka 15 na zaidi, kitabu kinasema jambo na sheria ya nchi imekaa kimya.

Kwa hiyo sitakuambia usome zaidi. Najua unasoma. Kinachowaponza mawakili wa mirathi ni kwamba wanajua sheria bila kujua siku zake. Wakili wa biashara anaweza kuishi na sheria ya leo tu. Sisi tunaletewa watu waliokufa jana, mwaka 2019, na mwaka 1994, wote katika wiki moja, na kila mmoja amekuja na sheria yake.

Nilipotoka mahakamani siku ile nilibandua lile jedwali. Mahali pake nikaweka desturi moja ambayo sijaiacha: kila jalada jipya la mirathi, ukurasa wa kwanza kabisa, kabla ya majina ya warithi, kabla ya orodha ya mali, naandika kwa kalamu nyekundu tarehe ya kufa. Chini yake naacha mstari wa tarehe ya kupeleka maombi mahakamani. Haki za warithi huzaliwa siku marehemu alipokata roho, kwa hiyo nani anapata nini nakitafuta kwenye tarehe ya kwanza. Utaratibu, yaani fomu, masjala, namba za vifungu, muda wa hati, nautafuta kwenye tarehe ya pili. Wewe ulichanganya hizo mbili, na masjala ilichofanya ni kukushika kwenye ile ndogo. Kubwa ameiona mwenzako.

Sasa twende kwenye jalada lako, maana ni somo zuri kuliko lolote nitakalokutungia.

Marehemu wako alikufa Agosti 2019. Tarehe hiyo iko katikati ya shimo, kati ya Aprili 2007 na Mei 2022. Asilimia za zamani zilikuwa zimekufa, za sasa zilikuwa hazijazaliwa. Majaji katika kipindi hicho hawakukaa mikono mitupu. Walirudi kwenye Katiba: Ibara ya 21 juu ya usawa mbele ya sheria, Ibara ya 31 inayowapa mume na mke haki sawa na kuliagiza Bunge liwalinde wajane, Ibara ya 33 juu ya haki za wanawake. Wakagawa kwa kutazama familia iliyo mbele yao: nani alichangia kupata mali, nani bado mdogo, nani anaishi kwenye nyumba. Kwa hiyo mwenzako ana hoja kwamba 20 na 4 si amri kwa marehemu huyu. Lakini hana hoja ya kurudisha 15 na 9, na akijaribu, mtolee hukumu ya 2007 kama nilivyotolewa mimi.

Ningekuwa wewe nisingeandika "kwa mujibu wa kifungu hiki mjane anapata asilimia 20". Ningeandika kwamba mahakama igawe kwa haki chini ya Katiba, na kwamba kipimo ambacho Bunge lenyewe limekikubali mwaka 2022 ni mwongozo mwema wa haki hiyo. Tofauti ya maneno ni ndogo, na inakutoa kwenye mtego wa kuipeleka sheria nyuma kwa nguvu. Watoto wawili wa nje usiwaache pembeni hata shemeji akipiga meza. Hata sheria ya zamani, kabla ya mageuzi yote haya, ilimhesabu mtoto wa nje ya ndoa kuwa mtoto. Hapo hapana jipya, pana ugomvi wa zamani tu.

Na kabla hujaandika chochote, waite wote wenye umri wakae chini. Makubaliano ya maandishi ya warithi watu wazima, yenye fungu la wadogo lililolindwa waziwazi, yamemaliza majalada mengi ya kipindi kile kuliko hoja zangu zote za kisheria.

Ngoja nikupe na hesabu ya sasa, kwa sababu nimeona mawakili wazuri wakiikosea. Chukua mtu aliyekufa baada ya 31 Mei 2022, bila wosia, ameacha mke, watoto, ndugu waliokuwa wakimtegemea na mrithi wa kimila. Nyumba ya kuishi familia unaitoa kwanza pembeni. Inashikwa na msimamizi kwa ajili ya mwenzi na watoto, haiingii kwenye asilimia. Anayewafukuza humo anatenda kosa la jinai, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 7. Tuseme mali iliyobaki ya kugawanywa ni shilingi milioni 100. Watoto wanachukua 75, kama zamani. Mrithi wa kimila 1, kama zamani. Mke, aliyekuwa apate 15 kwa kifungu kile cha kale, sasa ana 20. Ndugu tegemezi, waliokuwa na 9, wana 4. Yaani zile milioni 5 zimetoka mfuko mmoja kwenda mwingine, na ndiyo sababu mashemeji wengi wanaikumbuka sana sheria ya zamani.

Halafu kuna asilimia 20 nyingine ambayo watu huichanganya na ya mjane kwa kuwa namba ni moja. Hii ni sehemu ya mali isiyogawanywa. Inatunzwa kwa elimu, matunzo na ustawi wa watoto wadogo, wale wa miaka 18 hadi 25 walio masomoni na hawajaoa wala kuolewa, na wenye ulemavu waliokuwa wakimtegemea marehemu. Wakili anayeandika mpango wa mgawanyo bila mstari huo ameandika nusu. Nasema hivi nikijua kuwa jambo hili hulioni kwenye majedwali yanayosambazwa kwenye simu. Majedwali hayo yanataja 75, 20, 4 na 1 na kunyamaza. Lile la kabati langu lilikuwa vivyo hivyo.

Sasa swali lako lenyewe, la kutopitwa. Sheria yetu hubadilikia mahali pengi, na kila mahali pana dalili zake.

Mageuzi ya Bunge ndiyo rahisi kuyaona kwa sababu yana kelele. Kelele hiyo yenyewe ni hatari. Muswada si sheria. Miswada ya ndoa imeingia na kutoka bungeni kwa miongo mingi, na kila inapotajwa redioni huja mteja ofisini akisema "sheria mpya ya ndoa inasema hivi". Mwambie arudi ikishachapishwa katika Gazeti la Serikali. Gazeti hilo hutoka kila wiki, kwa kawaida Ijumaa, na sheria mpya huja kama kiambatisho chake. Ukipata nakala usianze na vifungu vinono vya katikati. Anza na tarehe ya kuanza kutumika, kisha ruka hadi mwisho usome vifungu vya mpito, vinavyosema nini kitatokea kwa majalada na hati zilizokuwapo tayari. Watu hawavisomi kwa sababu havina utamu, na riziki yako imo humo.

Ukiona Sheria ya Mirathi imeguswa, usiishie hapo. Mwaka 2022 Bunge liligusa pia Sheria ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi, yule ambaye wateja wetu wote wanamwita Administrata Jenerali, pamoja na ile ya mirathi midogo, ile ya mali za watu waliopotea, na ile ya kupiga muhuri upya hati za nje, yaani kuzipa nguvu hapa hati za mirathi zilizotolewa nchi nyingine. Wakili aliyesoma moja na kuacha hizo nyingine alijiona amekwenda na wakati mpaka siku alipompeleka mteja wa mirathi midogo kwa hakimu.

Mageuzi ya mahakama hayana kelele. Hukumu ya 2007 haikupigiwa tarumbeta Mbale, wala Arua, wala kwangu Kampala niliyekuwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka ilikosomwa. Hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi, na nakushauri utumie wako. Kila Ijumaa saa kumi jioni, karani akishaweka chai, nafungua ULII, tovuti ya sheria na hukumu za Uganda, ambayo ni bure, naenda kwenye hukumu za Kitengo cha Familia cha Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani na ya Katiba, kisha Mahakama ya Juu. Natafuta neno "mirathi" kwa Kiingereza chake na kupanga kwa tarehe, mpya juu. Sisomi zote. Nasoma aya za mwanzo kujua marehemu alikufa lini na ugomvi ni wa nini, kisha naruka hadi maamuzi. Ikiwa inagusa jambo lililo mezani kwangu, ndipo naisoma yote. Wiki nyingine natoka mikono mitupu, nikanywa chai yangu nikaenda nyumbani.

Tahadhari moja hapo. Jaji mmoja wa Mahakama Kuu akisema jambo, usilifanye dini. Jaji mwenzake wa kituo kingine hafungwi nalo. Nimeona wakili akifuta mpango mzima wa familia kwa sababu ya hukumu moja aliyoisoma Jumanne, na mwezi uliofuata ikatoka nyingine iliyosema kinyume. Ya Mahakama ya Juu ni habari nyingine. Israel Kabwa dhidi ya Martin Banoba Musiga, rufaa ya madai namba 52 ya mwaka 1995, ndiyo tunayoitegemea mpaka leo kusema kwamba mnufaika anaweza kwenda mahakamani kulinda mali ya marehemu hata kabla ya kupata hati ya usimamizi. Hukumu kama hizo ziandike ndani ya jalada la kitabu chako, kwa mkono.

Kisha kuna mabadiliko ambayo hayabadilishi kitu ila yanakurudisha nyumbani na maombi yako. Tarehe 1 Julai 2024 ilianza kutumika Toleo la Saba la Sheria za Uganda, na karibu kila sheria ikapata namba mpya. Sura ya 162 ikawa 268. Ndani yake vifungu vikapangwa upya, kwa kuwa vile vilivyoongezwa kwa herufi, vile vya A na B, vilipewa namba zao na vilivyofutwa vikaondoka. Maudhui yale yale, mlango mwingine. Kisheria kunukuu namba isiyo sahihi mara nyingi hakuui maombi, lakini msajili mwenye foleni ya watu arobaini hana muda wa kukusikiliza ukieleza hivyo.

Dawa yake ni kazi ya mkono ya siku mbili. Chukua Sura ya 268, keti nayo pamoja na ile ya zamani, na pembeni ya kila kifungu kipya andika kwa penseli namba yake ya kale. Usiazime orodha ya mtu. Mimi niliazima, nikakuta vifungu viwili vimepishana. Utaihitaji kwa miaka mingi, maana kila hukumu iliyotoka kabla ya Julai 2024 inazungumza kwa namba za zamani, na usipokuwa na daraja hilo hutajua jaji wa 2015 alikuwa akisema juu ya kifungu gani cha leo. Na ukishakaa siku mbili na vifungu vyote, hata visivyokuhusu, utagundua mambo. Mimi niligundua kwamba nilikuwa sijawahi kusoma sehemu ya wosia wa askari aliye vitani, na hapa Uganda hilo si jambo la kuchekesha.

Masjala na ofisi za serikali nazo hubadilisha mwendo wao bila kumwuliza Bunge. Mfumo wa kielektroniki wa majalada ya mahakama, ECCMIS, ulianza Machi 2022 katika mahakama chache na kuenea taratibu. Ofisi za ardhi za kanda, ya kwenu Mbale ikiwamo, zina mtindo wao wa kupokea hati ya usimamizi unapotaka jina la msimamizi liingie kwenye cheti cha ardhi. Haya huyapati kwenye kitabu chochote. Yanapatikana kwa karani. Mheshimu karani wako, mtume masjala hata siku usiyo na jalada, aulize kuna nini kipya, na akirudi mwandike anachosema pamoja na tarehe. Nasema mwandike kwa sababu ukibishana na dirisha miezi mitatu baadaye, "mliniambia" haina uzito ila "tarehe fulani mliniambia" ina uzito kidogo.

Makundi ya WhatsApp ya mawakili nimo, na ninayapenda. Ni redio mbao yenye wasomi. Yananiambia pa kutazama, basi. Sijawahi kuandika hoja kutoka kwenye sauti ya kutumiwa, na mara mbili nimeokoka kwa sababu hiyo. Semina za Chama cha Mawakili nenda, usiende kwa ajili ya alama za leseni tu. Keti karibu na mtu wa Tororo au Soroti anayefanya mirathi, mbadilishane namba, mgawane kusoma: yeye Mahakama ya Rufani, wewe Mahakama Kuu, kila mwezi mnapigiana simu nusu saa. Wewe unalalamika huna mkubwa ofisini. Mkubwa si lazima, mwenzio anatosha.

Kuna kitu kimoja ambacho hukuuliza lakini ndicho kinachotofautisha mtaalamu na msomaji wa magazeti: sheria ikibadilika, nani umempigia simu? Siku hizi hati ya usimamizi ina uhai wa miaka 2, na mwenye kutaka zaidi anarudi mahakamani kuomba kuongezewa. Wajibu wa kuleta orodha ya mali ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1 ulikuwapo tangu zamani, ila wengi waliuchukulia kama pambo. Nina daftari kubwa la kurasa ngumu. Kila hati niliyoiombea mteja imo: jina la marehemu, tarehe ya kufa, tarehe ya hati, nani msimamizi, simu yake, simu ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, kwa sababu namba za wateja hupotea. Mwaka 2022 nilikaa na daftari hilo majuma mawili nikipiga simu. Wengine walidhani nataka pesa. Mzee mmoja alinijibu kwamba hati yake ameiweka kwenye fremu ukutani na haijaharibika hata kidogo. Ilibidi nimfuate nyumbani.

Wateja Waislamu, na Mbale unao wengi, watakuja na mafungu ya Kurani tayari yamepigwa hesabu na shehe. Ibara ya 129 ya Katiba inazitaja mahakama za kadhi kwa ndoa, talaka, mirathi na ulezi wa watoto, kadiri Bunge litakavyoweka. Fuatilia kila hatua ya utekelezaji wa ibara hiyo kwa karibu kuliko muswada wowote. Wakati huo huo, kwa mteja aliye hai, usimwache aondoke bila wosia ulioandikwa na kushuhudiwa vizuri. Nimeona familia zilizokuwa na nia njema kabisa ya kufuata dini zikagawanyika kwa kukosa karatasi moja.

Turudi Busia. Hapo mwenzako hajakugusa, na mimi nakugusa. Maombi yako yameorodhesha maduka ya Kenya pamoja na shamba kana kwamba yote ni kapu moja. Ardhi na jengo hufuata sheria ya mahali vilipo. Mali inayohamishika hufuata sheria ya makazi ya kudumu ya marehemu, na huyu wako alikuwa mtu wa Mbale. Ikiwa jengo la maduka ni lake, basi upande ule inatawala sheria ya Kenya, Sura ya 160, na huko hakuna hizi asilimia zetu: kwa marehemu mwenye mke mmoja na watoto, mjane anachukua vyombo vya nyumbani moja kwa moja, na kwa salio ana haki ya kunufaika nalo wakati wa uhai wake, kisha linakwenda kwa watoto. Sheria hiyo nayo waliigusa mwaka 2021. Na hati utakayopata Mbale haitafungua mlango Kenya mpaka Mahakama Kuu ya huko iipige muhuri upya. Ikiwa alikuwa mpangaji tu, basi ulichonacho ni bidhaa, madeni na labda salio la kodi. Hizo ni mali zinazohamishika, zinarudi kwenye mgawanyo wako wa hapa, ingawa kuzikusanya kule bado utahitaji ule muhuri.

Kwa hiyo kabla hujarudisha maombi masjala, panda gari uende Busia na mjane. Simameni mbele ya maduka yenyewe. Mwombe akuonyeshe risiti za kodi, uangalie zimeandikwa jina la nani, na kama ni la marehemu, uangalie alikuwa akilipa au akilipwa.